Kabla Hujausingizia Mvinyo Mwekundu: Mwongozo Kamili wa Kichwa Kuuma na Ngozi Kuwasha

Jodari alinunuliwa Kilifi saa tatu asubuhi, akalazwa kwenye buti ya gari juu ya gazeti, bila barafu, na gari likapitia sehemu mbili kabla ya kufika kwetu Mtwapa saa saba mchana. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Tukamchoma, tukamkamulia ndimu, na mwenyeji wetu akafungua chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini. Haikupita nusu saa, shemeji yangu akaanza kujikuna shingo. Mimi masikio yaliwaka kama niliyepakwa pilipili, kichwa kinagonga, na ulimini nasikia ukali ambao haukuwa wa ndimu. Meza nzima ikatoa hukumu: ni huu mvinyo. Chupa ya tatu ikarudi kabatini bila kufunguliwa.

Saa kumi hivi mzee jirani akapiga hodi. Ni mtu wa swala tano, pombe hajaigusa maishani. Kama ilivyo ada alikuwa amepelekewa sahani yake. "Mwanangu," akaniambia huku akijikuna kifua, "huyo samaki wenu ana nini? Mwili mzima waniwasha."

Tangu siku hiyo siziamini tena hukumu za mezani. Si kwamba mvinyo mwekundu hauna lolote. Kuna watu unaowaumiza kweli, na sababu zake si moja. Lakini ukitaka kujua kinachokuumiza wewe, lazima uwachunguze washukiwa mmoja mmoja, na hapa pwani baadhi yao hawamo ndani ya chupa. Anayekatazwa pombe na dini yake, au aliyeiacha, simwiti arudi. Yeye asome ile sehemu ya samaki tu, itamfaa.

Hatua ya kwanza: tazama saa

Kabla ya jambo lolote, jiulize kichwa kilianza lini. Kikikushika ndani ya saa tatu tangu ulipoanza kunywa, pengine hata nusu saa tu na glasi ya kwanza haijaisha, hilo ni jambo moja. Kikikungoja mpaka alfajiri, saa tano hadi kumi na mbili baada ya kunywa, hiyo ni hangova ya kawaida. Kiini chake ni wingi wa kileo, na aina ya chupa haibadilishi mengi. Mwongozo huu ni wa yule wa kundi la kwanza. Wa kundi la pili dawa yake ni kupunguza, na ile tabia ya kutoa loki asubuhi kwa glasi nyingine inaahirisha deni tu.

Ngozi nayo ina saa zake. Uso na shingo kupata joto huja ndani ya dakika chache. Vipele vinavyovimba na kuwasha, vinavyotokea hapa vikapotea na kuibuka kule, huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, maana huenda usiuone kabisa. Pitisha mgongo wa mkono shavuni usikie joto, tazama weupe wa macho na viganja, na papasa shingo kama ina vinundu.

Hatua ya pili: pima ulichokunywa, na kwenye joto gani

Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wenye asilimia 14 ya kileo ina mililita 21 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 vilevile. Kwa hiyo chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 ni sawa na bia tano. Sasa kumbuka jinsi tunavyomimina nyumbani: glasi ya maji, imejaa mpaka pomoni, mililita 250. Glasi mbili za namna hiyo ni zaidi ya bia tatu, na mnywaji anasema ameonja tu.

Halafu kuna uwongo wa "joto la chumba". Wazungu waliposema mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba walikuwa wanazungumzia nyumba zao za baridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Bamburi mwezi wa Februari inapita nyuzi 30. Mvinyo wa joto hilo unapanda puani kama spiriti, na mtu aliyekwisha kutoka jasho tangu asubuhi anaunywa kwa kiu kama anayekunywa maji. Kileo chenyewe kinafungua mishipa ya damu na kinazuia homoni inayoshikilia maji mwilini, ndiyo maana unakwenda msalani kila mara. Joto, jasho, mkojo: kichwa kitaachaje kuuma? Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, au zaidi kidogo kama ilikuwa kwenye kabati la jikoni. Anza na glasi nzima ya maji, na kila glasi ya mvinyo ifuatishe na nyingine ya maji. Wako watu ambao tatizo lao linaishia hapa.

Hatua ya tatu: chunguza sahani

Hapa ndipo mtu wa Mombasa anapaswa kukaa sana.

Kuna kemikali inaitwa histamini. Mwili wako unaitengeneza wenyewe, na ndiyo inayoleta mwasho na uvimbe mtu anapopatwa na mzio. Samaki kama jodari, nguru na vibua nyama yao ina asidi ya histidini kwa wingi. Samaki huyo akikaa kwenye joto, bakteria wanaigeuza histidini kuwa histamini, na kazi hiyo inakwenda haraka sana kwenye joto letu. Ubaya ni kwamba histamini haiuawi na moto. Mchome, mkaange, mtie kwenye mchuzi wa nazi, imo tu. Na samaki anaweza asinuke kabisa.

Dalili zake ndizo hizo tulizozipata Mtwapa: uso na masikio kuwaka, kichwa, vipele, moyo kwenda mbio, wakati mwingine kuharisha, na ule ukali wa pilipili ulimini ambao ukiusikia acha kula papo hapo. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na mara nyingi huisha ndani ya siku.

Linganisha kwa hesabu. Kanuni za kimataifa za chakula zimeweka kikomo cha miligramu 200 za histamini kwa kilo ya samaki. Kipande cha gramu 200 kilichofika kikomo hicho kina miligramu 40. Mvinyo mwekundu wenye miligramu 5 kwa lita, glasi yake haifiki hata miligramu moja. Samaki aliyeoza zaidi ya hapo ndiye hasemeki. Vikikutana mezani, kichwa kikiuma, nani unamshika kwanza?

Na vikikutana vinasaidiana. Utumboni tuna kimeng'enya (enzaimu) kinachovunja histamini ya chakula, na kileo kinakizuia kufanya kazi yake. Kwa hiyo jodari ambaye angekupitia kimya kimya siku ya kawaida anaweza kukusumbua ukimteremshia kwa mvinyo.

Ukinunua, muulize mvuvi au mchuuzi samaki ametoka majini saa ngapi, na uone barafu kwa macho yako. Ukienda mbali beba ndoo yenye barafu. Ukifika nyumbani weka kwenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake, usiache kwenye karai ukingoja mkaa ushike. Changu na tafi hawamo kwenye kundi hili la histamini, ndiyo maana siku ya kujaribu mvinyo mimi hupendelea hao, au kuku.

Kamba na kaa wana shauri lao. Kuna watu wana mzio wa kweli wa viumbe hao, mdogo kiasi kwamba wakila kidogo hawaoni kitu, ila siku wakinywa kileo juu yake mwili unalipuka. Kileo kinajulikana kuwa kichochezi cha namna hiyo, pamoja na mazoezi mazito na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Isitoshe, kamba wa viwandani mara nyingi hutiwa salfaiti, kemikali ya kuhifadhi, ili wasiwe weusi, na salfaiti tutaikuta tena kwenye chupa.

Hatua ya nne: fungua mfuko wa dawa

Anayetumia metronidazo, ile wengi tunayoijua kwa jina la Flagyl na tunayopewa kwa amiba, asiguse mvinyo wa aina yoyote mpaka zipite siku mbili hadi tatu tangu kidonge cha mwisho. Wapo waliokunywa wakapata uso kuwaka, kichwa, kutapika na moyo kudunda, wakailaani chupa ya watu.

Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ina hatari ambayo watu wa pwani hawaambiwi vya kutosha: inazuia mwili kuvunja histamini, hivyo jodari asiyemdhuru mtu mwingine anaweza kumletea mgonjwa kichwa na mwili kuwaka. Pombe nayo ikiongezwa juu ya dawa hiyo inaumiza ini. Anayemeza dawa za zamani za mfadhaiko zinazoitwa vizuizi vya MAO, mvinyo mwekundu na jibini iliyokomaa vinaweza kumpandisha presha ghafla. Kama huijui dawa yako, mpelekee pakiti mwenye famasi akusomee.

Hatua ya tano: sasa ingia ndani ya chupa

Mvinyo mweupe hutengenezwa kwa kukamua zabibu na kutupa maganda mapema. Mwekundu unachacha pamoja na maganda na mbegu kwa siku nyingi, na humo ndimo unamotoa rangi, ukakasi na mengi ya haya tutakayoyataja. Ukishika tofauti hiyo moja, nusu ya uchunguzi umeimaliza.

Salfaiti ndiyo inayosingiziwa kuliko wote, kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye lebo. Ulaya na Marekani mvinyo ukizidi miligramu 10 kwa lita lazima iandikwe. Lakini angalia: katika Umoja wa Ulaya mvinyo mkavu mwekundu unaruhusiwa miligramu 150 kwa lita, mkavu mweupe 200, na ile mitamu zaidi ya hapo. Basi mtu anayekunywa mweupe salama na kuumwa na mwekundu, hoja yake ya salfaiti imeanguka. Watu ambao salfaiti inawaumiza hasa ni baadhi ya wenye pumu, nao hubanwa kifua. Ukitaka kuipima bila pombe, soma chupa yako ya juisi ya kuchanganya na maji: ikiwa na metabisalfaiti ya sodiamu, au namba kati ya E220 na E228, hiyo ni salfaiti. Zabibu kavu za rangi ya dhahabu zinazotiwa kwenye biriani nazo mara nyingi zimefukizwa nayo. Kama unakunywa na kula hivyo bila shida, mwachie huyu mshukiwa aende. Na mvinyo ulioandikwa hauna salfaiti ya kuongezwa bado unayo kidogo, maana hamira yenyewe huitengeneza.

Tanini ni ule ukakasi unaokausha ulimi. Kipimo chake kipo jikoni kwako: strungi. Chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi ina tanini tele. Anayekunywa vikombe vitatu vya strungi kwa siku bila kichwa ana sababu ndogo ya kuiogopa tanini ya glasi moja.

Histamini imo pia. Karibu mvinyo wote mwekundu hupitia uchachu wa pili, ambapo bakteria wanalainisha ukali wa asidi, na baadhi yao huacha histamini nyuma. Mweupe huwa nayo kidogo zaidi. Kiasi ni kidogo, kama tulivyoona, na majaribio yaliyofanywa kwa watu yametoa majibu yanayogongana. Ila kuna watu ambao kile kimeng'enya cha utumbo ni haba tangu mwanzo. Hao hata nyanya, jibini iliyokomaa na soseji zilizokaushwa huwawasha, na dalili zao zinafuata chakula hata siku isiyo na mvinyo.

Mshukiwa ninayemtilia shaka zaidi kwa kichwa cha mapema ni kwasetini. Mwaka 2023 watafiti Apramita Devi, Morris Levin na Andrew Waterhouse, wa Chuo Kikuu cha California, walitoa hoja hii. Kileo kikiingia mwilini kinageuzwa kwanza kuwa asetaldehidi, sumu inayowasha uso na kuumiza kichwa, kisha kimeng'enya kingine kinaivunja. Kwasetini, iliyo kwenye ganda la zabibu, ikishapita kwenye ini inageuka kuwa kitu ambacho maabarani kilionekana kukizuia kimeng'enya hicho. Sumu inabaki ikizunguka. Hiyo ilikuwa kazi ya maabara, haikuwa ya watu mezani, kwa hiyo usiitangaze kama hukumu ya mahakama. Lakini inaeleza kitu: vitunguu vya kachumbari vina kwasetini nyingi na havimuumizi mtu kichwa, kwa sababu havina kileo.

Na zabibu hujitengenezea kwasetini ili kujikinga na jua. Mashamba ya mvinyo wa bei ghali mara nyingi hupunguza majani ili vichala vipate jua vizuri. Unaona mambo yanavyoweza kwenda kinyume? Chupa ya bei inaweza kukuumiza kuliko ile ya rafu ya chini. Mwuzaji akikwambia "chukua hii ya ghali haina kichwa", mwambie asante.

Wapo pia waliozaliwa na kile kimeng'enya kinachovunja asetaldehidi kikiwa dhaifu. Ni wengi miongoni mwa wenye asili ya China, Japani na Korea, kwetu ni nadra sana. Uso wao huwaka kwa kileo cha aina yoyote. Kumeza dawa ya mzio ili kuficha dalili hiyo ni kosa, kwa sababu sumu inaendelea ndani, na kwao kunywa sana kunaongeza hatari ya saratani ya umio.

Mwisho, mzio wa kweli wa zabibu upo ingawa ni nadra. Kama zabibu mbichi zinakuwasha mdomo na koo, usijaribu kitu. Nenda kwa daktari.

Hatua ya sita: jaribio la nyumbani

Asifanye jaribio hili mtu aliyewahi kuvimba midomo, ulimi au koo, aliyewahi kukosa pumzi au kuanguka, mwenye pumu, mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, au aliye kwenye dawa nilizotaja. Wengine chagueni jioni tulivu ambayo hutaendesha gari wala kupanda pikipiki. Usiwe na njaa, usingizi wala kiu, na mwanamke mwenye kipandauso aepuke siku za hedhi, maana zenyewe huleta kichwa.

Kula wali na kuku aliyepikwa siku hiyo. Jodari asiwepo, jibini isiwepo, chokoleti isiwepo. Kunywa glasi ya maji. Pima mililita 100 za mvinyo mwekundu uliopozwa, kwa kikombe cha kupimia cha jikoni, usikisie. Unywe polepole kwa nusu saa, kisha basta. Andika kwenye daftari hali ya kichwa, ngozi, pua na kifua baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, saa tatu, na ukiamka.

Wiki inayofuata rudia kila kitu, ila badala ya mvinyo tumia vodka ya asilimia 40, mililita 35 ndani ya maji mengi. Kileo ni kilekile kama mvinyo ulikuwa wa asilimia 14. Wiki ya tatu, mvinyo mweupe. Kisha anza mzunguko upya, mpaka kila kinywaji kiwe kimepata zamu angalau tatu, kwa sababu kichwa cha mara moja kinaweza kuwa cha jua la Digo Road.

Hatua ya saba: soma daftari

Vyote vitatu vikikuumiza, adui ni kileo chenyewe, na mara nyingi nyuma yake kuna kipandauso ambacho hakijawahi kupewa jina. Kichwa cha upande mmoja, kinachodunda, kinachochukia mwanga na kelele? Zungumza na daktari kuhusu hicho kwanza.

Mwekundu peke yake ukikuumiza, tatizo liko kwenye maganda au ule uchachu wa pili. Jaribu aina nyepesi kama pinot noir, jaribu rozee ambayo hukaa na maganda kwa muda mfupi, au hamia mweupe. Mwekundu na mweupe vikikubana kifua na vodka isikubane, hiyo ni habari ya salfaiti na kliniki ya pumu. Visipokuumiza hata kimoja, rudi kwenye hatua ya pili na ya tatu: kilichokuumiza ni wingi, joto au samaki.

Ikishakushika usiku huu

Acha kunywa na kula. Kaa penye upepo, kunywa maji. Kwa mwasho, loratadini ni bora kuliko Piriton, ambayo ikikutana na kileo inakulaza kama gunia. Paracetamol kwa kipimo cha kawaida haina neno kwa aliyekunywa kidogo, ila si kwa mnywaji wa kila siku, kwa sababu ya ini. Ibuprofeni na aspirini ziache, zinakwaruza tumbo na zinaweza kuzidisha vipele.

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, kifua kikibana, au mtu akilegea na kizunguzungu, hilo si la vidonge. Piga 999 au 112, mlaze chali miguu juu, au umkalishe kama hapumui vizuri, na umpeleke hospitali ya upande mliopo. Mko Likoni, tafuteni Likoni. Usianze safari ya feri na mtu anayehitaji sindano ya adrenalini. Kichwa kilichokuja ghafla kama radi, au kilichoambatana na shingo ngumu au upande mmoja wa mwili kufa ganzi, ni hospitali vilevile. Na kichwa chenye homa siku ya pili hapa Mombasa kapime malaria.

Ile chupa ya tatu tuliifungua baadaye, kwa daftari na kikombe cha kupimia. Mimi mara tatu sikupata kitu. Shemeji yangu mara tatu kichwa kilimshika kabla ya saa moja kuisha, na kwa vodka hakikumshika hata mara moja, kwa hiyo siku ile ya Pasaka yeye alipigwa na wawili. Siku hizi akija tunamkatia dafu. Mzee jirani bado anapelekewa sahani yake, ila akiona ni jodari huinua kwanza kawa, akamtazama aliyeileta na kumuuliza: "Huyu amekuja na barafu?"